Wageni Kwenye Kunde za Shadya

Kila siku akitoka shule, Mastura alikuwa na desturi yake. Hutupa mkoba kitandani, humwamkia bibi yake, kisha hutokea uani na kuruka ukuta mfupi uliotenganisha nyumba yao na ya akina Shadya. Bibi Asmahani alikuwa amekwisha kuchoka kumkataza.

"Mtoto wa kike, mlango upo!" Bibi alipiga kelele. "Siku utakayovunjika mguu usiniite!"

"Shikamoo tena, Bibi!" Mastura alijibu akiwa upande wa pili, na Bibi akaishia kucheka peke yake.

Kilichomvuta Mastura kule kilikuwa tuta la kunde. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya akina Shadya, hapo hapo mtaani Mabawa, mjini Tanga, nalo lilifunikwa kwa kipande cha chandarua juu ya fito. Mwalimu Mboni, aliyewafundisha Sayansi darasa la sita, ndiye aliyempa Shadya kazi ile. Kunde za bustani ya shule zilikuwa zimevamiwa na vidukari, wale wadudu wadogo wanaojazana chini ya majani na kunyonya utomvu mpaka jani likajikunja. Mwalimu hakutaka sumu, kwa kuwa majani yale yalikuwa mboga ya wanafunzi mchana. Alitaka vikobe.

Vikobe ndilo jina walilolizoea watoto wa mtaa, kwa sababu ya migongo ya wadudu hao iliyo migumu na ya mviringo. Ni wadogo kama punje ya choroko, wa manjano wenye michirizi myeusi, na hawana chakula wakipendacho kama vidukari. Shadya alikuwa na subira ya ajabu. Aliwakusanya mmoja mmoja, akawatia chini ya chandarua, nao wakataga mayai yaliyosimama wima kwenye jani, ya manjano kama wali wa bizari. Yakaanguliwa. Watoto wao hawakufanana na wazazi hata kidogo. Walikuwa weusi, wembamba, wenye miguu mirefu, na walikula vidukari kutwa nzima bila kupumzika.

"Wakishakua, darasa zima litakuja kuwachukua," Shadya alisema. "Mwalimu kasema bustani ya shule inanitegemea mimi."

Mastura alifurahi kwa ajili ya rafiki yake. Lakini tusifichane, moyoni alitamani na yeye awe na cha kwake ndani ya chandarua kile.

Wakati wa likizo fupi Mastura alikwenda Lushoto kwa shangazi yake. Huko, kwenye shamba la maharage la jirani mmoja aliyeitwa Mzee Nehemia, aliona jambo lililomfanya asimame mdomo wazi. Vikobe! Tena vikobe wakubwa, wanene kama punje ya kunde, wekundu wa kung'aa wenye madoa meusi mengi. Wale wa Shadya wangeonekana vichekesho mbele yao.

"Babu, naomba niwachukue hawa," alisema.

"Wachukue wote!" Mzee Nehemia alijibu huku akicheka. "Zamani hatukuwa nao. Wamekuja tu, na tangu waje, wale wetu wadogo siwaoni tena. Angalia vidole vyako, wanauma hao."

Mastura alisikia, lakini maneno yaliingia sikio la kulia yakatokea la kushoto. Alijaza chupa ya plastiki, akaitoboa matundu kwenye kifuniko, akarudi nayo Tanga pamoja na mfuko wa plamu aliopewa na shangazi.

Alipofika alimkuta Shadya na mama yake wakifunga mizigo. Walikuwa wanakwenda Ushongo kwenye harusi ya binamu yao, na wangekaa huko siku kadhaa.

"Mastura, nakuachia amana," Shadya alimwambia, akimshika mikono. "Kunde zikikauka zinyunyizie maji. Chandarua usikifungue ovyo. Hayo tu."

"Wasiwasi wa nini? Utarudi uwakute wamenona," Mastura alijibu. Habari ya chupa aliimeza. Alitaka rafiki yake akirudi ashangae mwenyewe.

Kabla ya kuondoka, Mama Shadya alileta bokoboko kwa jirani zake, ndani ya bakuli jeupe lenye mstari wa bluu. Bakuli hilo lilikuwa limezunguka baina ya nyumba hizo mbili miaka mingi mno, hata hakuna aliyekumbuka lilikuwa la nani. Mara lilikwenda na mhogo wa nazi, mara lilirudi na maembe. Neno lililokuwa haramu katika mtaa ule ni kulirudisha tupu.

"Mastura, bakuli la watu hilo," Bibi alisema walipokwisha kula. "Tia zile plamu, uwapelekee kabla hawajaondoka."

Mastura alizitia. Kabla ya kutoka akawaza: Mama Shadya kapata plamu, je, Shadya kapata nini? Akaficha chupa ndani ya mtandio. Alipomkabidhi Mama Shadya bakuli jikoni, alizunguka nyuma, akainua pembe ya chandarua, akamimina wageni wake wote juu ya kunde. Wakatawanyika majanini wakimeremeta. Mastura alirudi nyumbani roho yake kunjufu. Alijiona ametoa zawadi ambayo hakuna aliyewahi kuitoa Mabawa nzima.

Na mwanzoni mambo yalikuwa mazuri kweli! Wageni walikula vidukari kwa pupa. Majani yaliyojikunja yalianza kunyooka. Mastura alinyunyizia maji, akawa anapiga makofi peke yake uani kwa watu.

Kisha vidukari wakapungua, na asubuhi moja, kabla ya kwenda shule, Mastura akachuchumaa kutazama kama kawaida. Aliona mgeni mmoja mwekundu amesimama juu ya yai la manjano. Alidhani anapita. Hakupita. Alilitafuna, akahamia la pili, kisha la tatu, mpaka pale palipokuwa na mayai pakabaki alama tu.

"We! We! Acha!" Mastura alisema kwa sauti, kana kwamba mdudu angemsikia.

Aligeuza jani jingine. Lahaula! Mgeni mwingine alikuwa amemkamata mtoto wa kikobe mwenyeji katikati ya mwili. Yule mdogo alikuwa bado anapiga miguu hewani. Mgeni hakuwa na haraka, alikuwa anakula tu, kama mtu anayekula muwa. Vikobe kula vikobe! Jambo kama hilo hakulifikiri hata ndotoni. Alidhani wadudu wa aina moja ni ndugu.

Alitia mkono kuwatoa. Wageni waliruka huku na huku, wengine wakajidondosha wakajifanya wamekufa, wengine wakajichimbia kwenye mikunjo ya chandarua. Mmoja alimuuma kidoleni. Aliowashika walimwachia majimaji ya manjano yenye harufu mbaya, akanawa kwa sabuni na harufu ikabaki pale pale. Kila alipodhani amewamaliza, jani la chini lilionyesha wengine. Tena baadhi ya majani yalikuwa na mayai mapya, mengi kuliko ya wenyeji, na hayo hakuna aliyeyagusa.

Mastura alishusha chandarua. Amana ya watu! Alijiambia atamweleza Bibi jioni. Jioni ilipofika alijiambia kesho. Kesho yake alijiambia huenda watabaki wachache, Shadya asigundue.

Shadya aligundua.

Walirudi kutoka Ushongo wamejaa hina na furaha. Mama Shadya, hata kabla ya kufungua mizigo, alimpelekea Bibi Asmahani visheti vya harusi ndani ya lile bakuli. Bado Bibi alikuwa anaonja, wakasikia kilio kutoka upande wa pili wa ukuta. Hakikuwa kilio cha mtoto aliyeanguka. Kilikuwa kile cha mtu aliyefiwa.

"Mama! Wamekufa! Watoto wangu wote wamekufa!"

Mastura alishikilia mwimo wa mlango wa uani. Upande wa pili, Shadya alikuwa amepiga magoti mbele ya tuta, viganja vimejaa maganda makavu meusi, mabaki ya vikobe wake. Wageni wekundu walikuwa wamejificha chini kwenye kivuli, na katika machozi yake Shadya hakuwatazama hata mara moja.

Mama Shadya alikimbia kwake, akatazama tuta, akatazama ukuta. Juu ya ukuta, upande wa Bibi Asmahani, palikuwa na bomba la kupulizia, lile linalobebwa mgongoni. Lilikuwa la marehemu babu yake Mastura. Bibi hulitilia maji matupu na kuinyunyizia miche yake ya pilipili mbuzi, kwa sababu maji ya ndoo humwagika kwa nguvu na kuilaza. Lakini Mama Shadya hakujua hayo.

"Bi Asmahani!" aliita. Sauti ilikuwa na heshima, ila ilikuwa kavu. "Umepuliza dawa hapa?"

"Dawa?" Bibi alishangaa. "Dawa gani, mwanangu? Mimi natia maji."

"Maji hayaui wadudu. Upepo umeileta sumu kwa mwanangu, na kazi yake yote imepotea. Ungetuambia tu, tukahamisha. Ujirani gani huu?"

"Wallahi sijatia sumu mwanangu, tangu mzee afe!"

Mama Shadya alimshika mwanawe mkono, akaingia ndani, akafunga mlango. Bibi alibaki amesimama, kisheti mkononi. Alitazama ule mlango uliofungwa kama mtu asiyeamini macho yake. Mastura alifungua kinywa aseme. Kisha akakifunga, akaingia ndani.

Jioni ile Bibi alipika kisamvu cha nazi, akapakua bakuli tele. "Hasira ni moto wa makuti," alisema. "Wakila, tutazungumza. Mpelekee, Mastura."

Mastura alipeleka, akaliacha bakuli kibarazani kwao, akarudi mbio. Hawajakaa sawasawa, wakasikia hatua mlangoni. Alikuwa Shadya, macho mekundu. Aliweka bakuli mkekani bila kumtazama mtu.

"Mama kasema tunashukuru," alinong'ona. "Kasema... mboga za sumu hatuli."

Akaondoka.

Bakuli halikurudi tupu. Lilirudi limejaa vile vile, halikuguswa hata kijiko. Bibi Asmahani aliliangalia. Mastura alikuwa amewahi kumwona Bibi amekasirika, amewahi kumwona anaumwa, lakini hakuwa amewahi kumwona analia. Sasa machozi yalimtiririka mashavuni bila sauti yoyote.

"Mimi?" Bibi alisema. "Mimi niwape watu sumu? Shadya nimempokea mimi kwa mikono hii siku aliyozaliwa. Bora nirudi kwetu Pangani, nikafie huko."

Hapo Mastura hakuweza tena. Akaanguka magotini pa bibi yake.

"Bibi, ni mimi! Si sumu, Bibi, ni mimi! Nimewatia wageni!"

Alieleza yote, akilia na kukwama: chupa ya Lushoto, maneno ya Mzee Nehemia aliyoyadharau, mayai yaliyotafunwa, mtoto wa kikobe aliyepiga miguu, na jinsi alivyosimama mlangoni akamwacha Bibi anasingiziwa. Bibi alisikiliza.

"Siku zote hizi unajua?" Bibi aliuliza.

"Najua, Bibi."

"Na leo mchana, nilipokuwa naapa, ulikuwa umesimama hapo mlangoni?"

"Nilikuwepo, Bibi."

Bibi alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Simama. Chukua hilo bakuli. Tunakwenda. Na leo tunapita mlangoni."

Walipiga hodi. Mama Shadya aliwafungulia kwa shingo upande. Mastura hakusubiri kuambiwa keti. Alisema mbele ya wote, uso chini, na kila neno lilikuwa zito kulitoa. Shadya alimtazama kama anayemwona mgeni asiyemjua.

"Nilikuachia amana," alisema polepole. "Wewe! Si mtu mwingine, wewe!"

Mastura alipotaka kumshika, Shadya alirudi nyuma. Jambo hilo lilimuuma kuliko kofi alilolitarajia.

Mama Shadya naye alikuwa amejiinamia. Ghafla alishuka chini, akashika mikono ya Bibi Asmahani. "Nisamehe, mama yangu. Nimekutukana mbele ya mtaa, na sikuuliza mara mbili."

"Umekasirika kwa ajili ya mtoto," Bibi alisema. "Tuache hayo. Mpigieni simu mwalimu wao, tujue kama kuna la kuokoa."

Asubuhi ya Jumamosi Mwalimu Mboni alifika. Aliinua chandarua, akamkamata mgeni mmoja kwa kikombe, akatikisa kichwa.

"Hawa nimewahi kuwaona," alisema. "Asili yao ni Asia. Nchi nyingine watu waliwapeleka wenyewe, kwa nia njema kabisa, ili wale vidukari. Na kweli ni hodari wa kula vidukari. Lakini vidukari wakipungua, hawalali na njaa. Wanakula mayai na watoto wa vikobe wenyeji. Wenyeji wakijaribu kula mayai ya hawa, yanawadhuru. Basi mmoja anakula, mwingine hawezi kulipiza."

"Kwa hiyo wetu wameisha?" Shadya aliuliza.

Mwalimu alitazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye ukuta. "Bibi, una kunde upande wako?"

"Ninazo kidogo, za mboga."

Mastura na Shadya walitazamana kwa mara ya kwanza tangu jana. Walikimbia wote wawili hadi kwenye kunde za Bibi Asmahani, watu wazima wakiwafuata. Shadya aligeuza jani. Akageuza la pili. Akapiga ukelele uliomfanya kila mtu aruke.

"Wapo! Mwalimu, wapo!"

Walikuwepo kweli, wale wadogo wa manjano wenye michirizi, na mayai yao, na watoto wao weusi wakila vidukari bila habari. Chandarua kilikuwa kimewafungia wageni upande ule mwingine, hawakuwa wamefika huku. Mama Shadya alisimama mbele ya tuta lile, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ndipo hapa nilipodai kuna sumu!" alisema. "Subhanallah! Kumbe ndipo pekee walipopona."

Kazi ilikuwa kubwa. Wageni walikusanywa jani kwa jani, wakatiwa ndani ya ndoo ya maji ya sabuni, na majani yenye mayai yao yakachomwa. Mastura alishika sehemu ngumu zaidi, pembe zile za chandarua zilizokuwa na mikunjo. Vidole vilimuuma, vikanuka, hakulalamika. Aliendelea kukagua tuta lile kila siku mpaka Mwalimu aliporidhika kwamba hakuna mwekundu aliyebaki. Baadaye Shadya akahamishia chini ya chandarua vikobe kutoka kwenye kunde za Bibi, akaanza upya. Siku chache za mwanzo hakumsemesha Mastura. Siku moja akamwambia tu, "Nishikie jani hili." Mastura alilishika huku akikaribia kulia.

Darasa lilichelewa kupata vikobe wake, lakini liliwapata. Siku ile wanafunzi walipojaa uani, Mwalimu Mboni alimwomba Bibi Asmahani aseme neno. Bibi alikataa, kisha akasema.

"Mimi si mtu wa sayansi," alianza. "Ila nimeona hivi. Yule mdudu mwekundu hana kosa, amekula kwa njaa yake. Mastura naye hakukusudia ubaya. Kosa lake la kwanza ni kumleta mgeni asiyemjua kwenye nyumba isiyo yake, bila kuuliza, na aliyekuwa anajua alishamwonya. Hilo lilikuwa kosa dogo, lingetibika siku ile ile. Kosa la pili ndilo kubwa: alinyamaza. Wakati yeye amenyamaza, wadudu waliendelea kuliwa, na majirani wa miaka mingi tulianza kulana wenyewe kwa wenyewe. Wajukuu zangu, ukikosea sema mapema. Aibu ya kusema ni ya siku moja. Ya kunyamaza inakua kila siku, na inawala hata wasiohusika."

Mastura aliinamisha kichwa, na safari hii Shadya ndiye aliyemshika mkono.

Jioni Mama Shadya alipiga hodi na bakuli jeupe lenye mstari wa bluu. Ndani yake mlikuwa na samaki wa kupaka, na harufu ya nazi ikajaa nyumba. Bibi alikula mpaka akalamba vidole, kisha akaliosha bakuli na kulitazama.

"Haya, Mastura, bakuli la watu hilo. Tulirudishe na nini?" Halafu akamkazia macho. "Na usiniletee habari za Lushoto!"

Mastura alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alichuma kunde za Bibi, akageuza kila jani kuangalia kama lina mayai kabla ya kulitia ndani, akajaza bakuli mpaka juu. Kisha akaupita ule ukuta mfupi bila kuuruka, akazunguka mbele, akapiga hodi.